Talaka ikiwa njiani: namna ya kuubeba msongo wake hatua kwa hatua

Mtu anayepitia talaka ana kazi mbili mikononi kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni shughuli: karatasi, wakili, fedha, makazi, ratiba ya watoto. Ya pili ni msiba, tena msiba wa ajabu, kwa sababu uliyempoteza yu hai, anapokea simu, na huenda Jumamosi mkakutana mlangoni mkikabidhiana begi la mtoto. Kila moja ya kazi hizo inatosha kumchosha mtu. Ila kinachowamaliza wengi ni kuzichanganya: kumlilia wakili badala ya kumuuliza maswali, kugombea kabati kwa kuwa moyo unauma, kusaini hati ya mali kwa hasira au kwa kujiona mkosaji. Hatua zilizo hapa chini zinalenga jambo moja, yaani kuzitenga kazi hizo mbili, kila moja ipate saa yake na watu wake.

Kwanza ujue kwamba huongezi chumvi. Mwaka 1967 madaktari wawili wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila tukio likiwa na alama kulingana na jinsi linavyomlazimu mtu kujipanga upya. Kifo cha mwenzi kilipata 100. Talaka ikafuata kwa 73, kutengana 65, kufungwa jela 63. Humo humo, kubadilika kwa hali ya fedha kumepewa 38 na kuhama makazi 20. Sasa talaka mara nyingi huja na hayo yote kwa mkupuo, na alama hujumlishwa. Kwa hiyo ushauri unaotangulia yote ni wa kujizuia: usiongeze mabadiliko yanayoweza kusubiri. Kuacha kazi, kuchukua mkopo wa kuanzisha biashara, kuhamia mji mwingine, kuingia kwenye ndoa mpya. Likiweza kukaa, likae.

Hatua ya 1: Usalama kabla ya yote

Kama ndani ya ndoa hiyo kuna kipigo, vitisho, kufuatiliwa nyendo au kunyimwa fedha kwa makusudi, anzia hapa wala usipapite. Wakati wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa, kwa sababu aliyezoea kutawala anaona utawala unamponyoka. Usimwambie unaondoka lini. Nakala za vitambulisho, vyeti vya watoto na akiba kidogo ya fedha viwe kwa mtu unayemwamini, si nyumbani. Badilisha nywila ukitumia kifaa ambacho mwenzako hakigusi, na uangalie kama simu yako inamwonyesha mahali ulipo. Wahusishe polisi, ustawi wa jamii au watu wanaosaidia waathirika wa ukatili wa majumbani, na umwambie wakili mapema kabisa, maana katika nchi nyingi mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mtu asikukaribie.

Na ndugu wakisema mkalishwe chini mpatanishwe, kataa bila aibu. Usuluhishi wa kukaa meza moja unahitaji watu wawili wasioogopana.

Hatua ya 2: Usimamishe mwili kwanza

Watu hutaka kuanza na moyo. Mimi ningeanza na usingizi. Ubongo unapoona hatari, mwili humwaga homoni za msongo, adrenalini na kotisoli: mapigo ya moyo yanakwenda mbio, misuli inakaza, njaa inapotea au inazidi. Huo ni mpango mzuri wa kumkimbia mnyama, lakini kesi ya talaka inaweza kuchukua miezi au zaidi, na mwili hauwezi kukimbia muda wote huo. Mtu asiyelala hukasirika haraka, husahau, na huamua vibaya. Ukimtaka mtu akubali masharti ya hovyo, mpe karatasi baada ya usiku tatu bila usingizi.

Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala alfajiri. Saa ya kuamka ndiyo inayoirudisha saa ya mwili kwenye mstari. Ukijilaza na usingizi ukagoma kwa kama dakika 20, toka kitandani, kaa sehemu yenye mwanga hafifu, fanya jambo lisilochangamsha, urudi kitandani ukisinzia. Kugaagaa hukifundisha kichwa kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Simu ilale chumba kingine, kwa sababu mbili: mwanga wake, na ile tamaa ya saa nane usiku ya kusoma jumbe za zamani. Pombe huharakisha usingizi kisha huuvuruga usiku unavyoendelea, kwa hiyo anayekunywa ili alale anaamka alfajiri moyo ukidunda na mawazo yakiwa tele kuliko jana.

Kuna jambo dogo ambalo watu huona aibu kulisema: upande wa pili wa kitanda. Wengi hulala ukingoni kwa miezi, kana kwamba mwenzao bado yupo. Hamia katikati. Geuza kitanda kiangalie ukuta mwingine, badilisha mashuka. Chumba kikibadilika sura, kila usiku unaacha kuwa kumbukumbu ya ule uliopita.

Kula hata kama hamu haipo. Kidogo kidogo kwa saa maalumu, usisubiri njaa. Tembea kila siku, ikiwezekana asubuhi penye jua. Na mshtuko ukikushika ghafla, ukipokea barua ya wakili wa upande wa pili kwa mfano, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita au nane, ukirudia kwa dakika kadhaa. Siri iko kwenye kutoa: pumzi inayotoka taratibu hupunguza kasi ya moyo.

Tahadhari moja hapa. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi usiyaite "mawazo tu". Upo ugonjwa uitwao takotsubo, ulioelezwa kwanza na madaktari wa Japani mwaka 1990, ambapo mshtuko mkubwa wa hisia huudhoofisha msuli wa moyo kwa muda, na dalili zake hufanana na za shambulio la moyo. Nenda hospitali wakapime.

Hatua ya 3: Ipe shughuli saa yake

Chagua saa moja ya siku, isiwe usiku, iwe ya mambo ya talaka. Nje ya saa hiyo, wazo likija ("je, ile akaunti ya pamoja?") liandike kwenye daftari na uliache humo likusubiri. Mwanzoni utaona ni mchezo wa kitoto. Baada ya wiki chache utaona kichwa kinaanza kuliamini daftari.

Katika saa hiyo, kazi ya kwanza ni kukusanya nyaraka: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za nyumba na viwanja, kadi za magari, taarifa za benki, hati za mishahara, bima, mikataba ya mikopo, taarifa za pensheni. Madeni yaandike kwa makini kuliko mali. Mali watu wanazikumbuka. Deni la pamoja lililosahauliwa ndilo linalokuja kubisha hodi baada ya hukumu. Kisha andika bajeti ya mtu mmoja. Kipato kilichoendesha nyumba moja sasa kitaendesha mbili, na hakuna hesabu inayoweza kuliepuka hilo. Hata hivyo, ukishaona tarakimu kwenye karatasi, hata zikiwa mbaya, zinatisha kidogo kuliko zilivyokuwa zikielea kichwani.

Sheria za talaka hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na penye ndoa za kidini huwa kuna taratibu zake pia, hivyo usifuate ya jirani. Yaliyompata mtu fulani kuhusu nyumba au matunzo huenda hayakuhusu hata chembe. Muulize wakili, na ukienda kwake beba maswali yaliyoandikwa. Mawakili wengi hutoza kwa muda. Ukitumia nusu saa kumsimulia jinsi mwenzako alivyokudhalilisha mbele ya wageni, utalipia nusu saa hiyo, na yeye ataandika sentensi moja. Kama fedha haitoshi, ulizia msaada wa kisheria au usuluhishi. Wanandoa wasio na vitisho baina yao mara nyingi humaliza kwa msuluhishi kwa gharama ndogo na kelele chache.

Kuhusu kusaini, kanuni yangu ni kali: usisaini chochote siku uliyokipokea. Hasira inajulikana kuwa ni hasara, lakini ninayemhofia zaidi ni yule anayesema, "Achukue vyote, mimi nataka nipumue." Anapumua kweli, kwa miezi michache. Halafu kodi inafika. Lala na hati hiyo siku mbili tatu, mwonyeshe wakili, ndipo uchukue kalamu.

Hatua ya 4: Punguza maneno na mwenzako

Chagueni njia moja ya mawasiliano, ya maandishi ikiwezekana, na mada zisizidi tatu: watoto, fedha, tarehe. Tuseme saa tano usiku unapata ujumbe huu:

"Umeshawajaza watoto sumu. Ada hujalipa, halafu Jumamosi unajifanya mzazi bora."

Vidole vitawasha. Andika jibu lote unalotaka kuandika, lakini kwenye daftari, si kwenye simu. Kisha lala. Asubuhi usome ujumbe ule tena ukitafuta kitu kimoja tu: kuna swali lolote la shughuli humu? Yapo mawili, ada na Jumamosi. Sumu na uzazi bora si maswali, ni mitego. Basi jibu:

"Ada nililipa tarehe 3, nakutumia risiti. Jumamosi nitawafuata saa nne asubuhi kama tulivyokubaliana."

Basi. Usiweke "kwa taarifa yako", usiweke "kama ungekuwa unafuatilia". Jibu la namna hii lina faida mbili: halimpi mwenzako pa kushikia, na likisomwa mbele ya hakimu halikuaibishi. Hilo la hakimu liwe kipimo chako kwa kila unachokituma, pamoja na unachokiweka mitandaoni, kwani picha na maneno ya mitandaoni huweza kuletwa kama ushahidi. Mwondoe kwenye kurasa unazoziona kila siku. Si lazima iwe ugomvi. Kuna kitufe cha kunyamazisha.

Wa kukusaidia kuchungulia maisha yake nao wapo, wanaokuja na "nimemwona jana na fulani". Waambie kwa upole lakini mara moja: sitaki kujua.

Hatua ya 5: Watoto

Hapa wazazi wengi hujawa na hofu kwamba wameshawaharibu watoto. Mwanasaikolojia wa Marekani Mavis Hetherington, aliyefuatilia familia kwa takriban miongo mitatu, alikuta kwamba watoto wengi wa wazazi waliotalikiana hukua wakiwa sawa. Kinachojirudia katika tafiti kuwa na madhara makubwa ni ugomvi wa wazazi mbele ya watoto, hasa wanapofanywa kuwa waamuzi au matarishi. Ugomvi huo huumiza ndani ya ndoa na huumiza nje ya ndoa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya usalama wa mtoto bado iko mikononi mwenu.

Waambieni pamoja, kama hali inaruhusu, na mwambie mtoto mambo manne: kinachotokea, kwamba si kosa lake, kwamba wote wawili mnaendelea kumpenda, na kitakachobadilika kesho kutwa katika siku yake. Hilo la nne ndilo wazazi hulisahau, na ndilo analolisubiri. Mtoto wa miaka saba hawazii ndoa. Anawaza nani atampeleka shule, paka atakaa wapi, na kama viatu vyake vya mpira vitakuwa nyumba hii au ile. Maneno yanaweza kuwa mepesi tu: "Mama na baba hawataishi tena nyumba moja. Ni uamuzi wa watu wazima, wewe hukufanya lolote. Shule ni ile ile. Jumatatu hadi Ijumaa utalala hapa, wikiendi kwa baba, na viatu vyako tutavibeba." Akiuliza kwa nini, mwambie ukweli usio na lawama: "Tumeshindwa kuelewana tukiwa pamoja." Atauliza tena wiki ijayo, na ile nyingine. Jibu vilevile.

Kuna makatazo machache. Usimtume "mwambie baba yako atoe hela". Usimhoji akirudi. Usimfanye rafiki wa kulia naye, hata akiwa na miaka 16 na anaonekana kuelewa kila kitu; mtoto anayembeba mzazi wake huyaficha yake. Kulia mbele yake si dhambi, lakini mwambie una huzuni na kwamba wapo watu wazima wanaokusaidia.

Hatua ya 6: Gawa kazi kwa watu wako

Watu husema "niko hapa, ukihitaji chochote niambie", na wewe huna nguvu hata ya kujua unahitaji nini. Wape kazi mahususi. Mmoja awe wa kusikiliza tu. Mwingine wa vitendo, yule dada au shemeji asiyejua kufariji lakini anajua kuwafuata watoto shule na kutengeneza kitasa. Mwingine wa kucheka naye, na huyo mpige marufuku kuzungumzia talaka. Anayewaponza wengi ni yule wa kusikiliza anayegeuka kuwa mchochezi: kila ukitoka kwake una hasira kuliko ulivyoingia. Mpende, ila mpunguzie taarifa.

Kwa wengine wote andaa sentensi moja na uirudie kama ilivyo: "Ndiyo, tumeachana, tunalishughulikia vizuri, asante kwa kuuliza." Kazini mwambie msimamizi wako tu, na umwambie kwa sura ya shughuli: nitahitaji ruhusa siku hizi na hizi.

Hatua ya 7: Msiba nao upewe nafasi

Ukishaipa shughuli saa yake, uchungu nao uupatie wakati. Usitegemee utapita kwa mpangilio. Zile hatua tano za majonzi zinazotajwa kila mahali (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali), daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokaribia kufa. Si ngazi ambayo kila mtaliki lazima aipande. Utakuwa sawa wiki nzima, kisha harufu ya sabuni fulani ikuangushe dukani. Na wewe uliyeomba talaka, usishangae ukilia pia. Kuamua kuondoka hakumzuii mtu kuomboleza alichokitarajia.

Wengi hushauriwa kuandika hisia zao kila siku. Huo ushauri hauwafai wote. Mwanasaikolojia David Sbarra na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti wa watu waliotengana karibuni, wakakuta kwamba wale waliokuwa wakihangaika sana kutafuta maana ya yaliyowapata walipona vibaya zaidi walipoandika hisia zao, kuliko walipoandika tu shughuli za siku bila hisia. Basi jipime. Kama ukurasa wa leo una swali lile lile la "kwa nini alinifanyia hivi" lililokuwa kwenye ukurasa wa juzi, acha. Andika badala yake: nimeamka saa fulani, nimefua, nimempigia dada, nimelipa umeme.

Kundi hilo hilo la watafiti lilikuwa limeonyesha mwaka 2012 kwamba waliozungumza juu ya talaka yao bila kujishambulia walikuwa na uchungu mdogo, hata miezi tisa baadaye. Jaribu hili: sikiliza unavyojisemesha ukiwa peke yako. Kama ni maneno usiyoweza kumwambia rafiki aliye kwenye hali kama yako, yarekebishe kwa sauti. "Mimi mjinga, nilipoteza miaka" iwe "nilijitahidi kwa niliyoyajua wakati ule".

Siku ngumu ziwekee alama kwenye kalenda mapema: tarehe ya ndoa, sikukuu ya kwanza, wikiendi ya kwanza bila watoto. Hiyo wikiendi ya kwanza usiiache tupu. Nyumba iliyonyamaza ghafla Ijumaa jioni imewarudisha wengi kwenye simu ya mtu waliyeapa kutompigia.

Hatua ya 8: Lini utafute mtaalamu

Mshauri nasaha anafaa wakati wowote, lakini zipo dalili zisizopaswa kusubiri: wiki mbili au zaidi za huzuni au ganzi karibu siku nzima, kutofurahia chochote, kushindwa kufanya kazi au kuwahudumia watoto, pombe au vidonge kuongezeka. Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Ukianza kuwaza kufa, au kumdhuru mwenzako, usikae peke yako hata saa moja: mwambie mtu leo, nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu au piga simu ya msaada ya nchi yako. Ukimsikia mwingine akisema hivyo, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo.

Hatua ya 9: Siku karatasi ikitoka

Watu hutegemea furaha siku ya hukumu, na mara nyingi hupata utupu, au kichwa kinachouma. Usirudi nyumba tupu siku hiyo. Panga mtu wa kukusindikiza. Usitoe tangazo, usichome picha, maana watoto watakuja kuzitaka. Ziweke kwenye boksi, boksi lipelekwe kwa ndugu.

Wiki inayofuata, ile saa yako ya shughuli itumie kufagia mabaki: funga akaunti za pamoja, badilisha jina la mrithi kwenye bima na pensheni, andika upya wosia, sahihisha jina la mtu wa kupigiwa dharura kazini. Omba nakala kadhaa zilizothibitishwa za hukumu, kwa kuwa benki na ofisi za serikali zitaziulizia kwa nyakati tofauti. Shuleni, waachie barua inayoeleza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto na siku zipi, na umkabidhi mwalimu wa darasa mwenyewe, kwani huenda ndiye anayesimama getini saa ya kutoka.